Kifungo cha Ndoa na Minyororo ya Msafara: Mahakama za Kanisa Zikitazamwa kutoka Tabora

Miezi michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili, ambaye kwa kazi ni ofisa ustawi wa jamii katika mojawapo ya halmashauri za Mkoa wa Tabora, alinionesha nakala ya barua aliyoletewa ofisini na mama mmoja. Jina na parokia vilikuwa vimefutwa. Barua ilitoka katika mahakama ya Kanisa, nayo ilimjulisha mama huyo kwamba ndoa yake, baada ya kuchunguzwa, ilikuwa imetamkwa kuwa batili tangu mwanzo. Mama alikwenda bomani kuandikisha ndoa nyingine, akarudishwa, kwa kuwa machoni pa Jamhuri alikuwa bado mke wa mtu. Hata hivyo, swali lake la kwanza kwa ofisa halikuwa hilo. Alitaka kujua ni nani huyu “mtetezi wa kifungo” aliyetajwa mara tatu katika barua, na kama kulikuwa na kesi ya jinai dhidi yake ambayo hakuambiwa.

Tulicheka, kisha tukaona haya. Mama huyo aliisoma lugha yake vizuri kuliko walioandika barua. Kifungo, kwa Mtanzania wa kawaida, ni miaka miwili gerezani. Ni kweli pia kwamba ndoa “hufungwa”, lakini hatusemi kila siku kwamba aliyeoa yuko kifungoni, isipokuwa kwa mzaha wa vijiweni. Nimeona basi kwamba barua ile inastahili kujibiwa kwa urefu, kwa sababu maneno yaliyomtisha yana historia, na sehemu moja ya historia hiyo inaihusu Tabora kuliko tunavyodhani.

Nianze na huyo mtetezi. Kilatini humwita defensor vinculi. Cheo chake kilianzishwa na Papa Benedikto wa XIV tarehe 3 Novemba 1741, kwa hati yake iitwayo Dei miseratione. Malalamiko yaliyokuwa yamefika Roma yalikuwa haya: mume na mke waliokwisha kuchokana walikuwa wakipatana kimyakimya, mmoja anadai ndoa haikuwa halali, mwenziwe haji kujibu au anakubali kila kitu, na jaji asiyekuwa na wa kumpinga mdai anaifuta ndoa. Papa akaamuru kila jimbo liwe na ofisa wa kudumu ambaye kazi yake ni kuisemea ndoa yenyewe, hata pale ambapo wenye ndoa hawaitaki tena. Akaongeza kwamba mtu asioe wala kuolewa tena hadi zipatikane hukumu mbili zinazolingana. Sharti hilo la hukumu mbili lilidumu hadi mwaka 2015, Papa Fransisko alipoliondoa. Kwa hiyo mtetezi wa kifungo si wakili wa mfungwa. Hamtetei mtu yeyote. Anatetea kamba.

Nasema kamba kwa makusudi, maana vinculum ndilo neno la Warumi la kamba, pingu na mnyororo. Waliolitafsiri kwa “kifungo” hawakukosea hata kidogo. Wamebeba hadi utata wake.

Msamiati mwingine wa mahakama hizi una safari ya kuvutia zaidi. Mapadri wa kwanza wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, lililoanzishwa na Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, walifika Tabora mwaka 1878 wakiwa na sheria iliyoandikwa kwa Kilatini. Hapo Unyanyembe walikuta mji wa biashara wenye Waarabu, Waswahili wa pwani na Wanyamwezi, ambamo watu walikwisha kuzoea kusikiliza mashauri barazani kwa maneno yenye asili ya Kiarabu: hukumu, shahidi, wakili, batili, talaka, laana. Maneno hayo ndiyo yaliyoingia katika Kiswahili cha Kanisa. Hata “kanuni”, neno ambalo Wakatoliki wengi hudhani ni la kwao, limetoka kwa Wayunani, likapita kwa Waarabu, ndipo likatufikia. “Askofu” naye alipita njia hiyohiyo. Wajerumani walipokuja kutawala hawakuweza kulikwepa neno “shauri”, wakalitia katika Kijerumani chao cha kiofisi. Kwa hiyo anayesema leo kwamba mahakama ya Kanisa na ya kadhi hazina lolote la kushirikiana, aanze kwa kueleza ni kwa maneno ya nani anasema hivyo.

Yapo maneno ambayo hayakupata makazi. Libellus, kwa asili “kijitabu”, ni hati ya madai tu. Litis contestatio ni hatua ambayo jaji anaandika swali moja ambalo kesi nzima italijibu. Hilo la pili sijawahi kuona likitafsiriwa kwa namna ambayo muumini anaielewa bila kuelezwa.

Lakini neno nililotaka kulifikia ni captivus, yaani mateka.

Kila mwanafunzi wa historia anajua nafasi ya Tabora. Njia kuu ilianzia Bagamoyo, ikapanda Ugogo, ikafika Unyanyembe. Hapo iligawanyika, tawi moja likielekea Ujiji na Manyema ng’ambo ya ziwa, jingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Si kila aliyebeba mzigo katika njia ile alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira na kwa fahari, na ni kosa la vitabu vyetu vya shule kuwachanganya na mateka. Hata hivyo mateka walikuwepo, na wengi wao hawakufika pwani kamwe. Walibakizwa Unyamwezi, hasa wanawake, wakilima mashamba ambayo wanaume wenyeji waliyaacha walipokwenda safari. Mwanamke aliyetekwa Manyema angeweza kuishia katika shamba karibu na Tabora, na mumewe akaishia katika mikarafuu ya Pemba. Wote wawili hai. Hakuna anayejua alipo mwenziwe.

Sasa mchukulie mwanamke huyo anafika misheni, anafundishwa kwa miaka mingi, maana Lavigerie alitaka miaka minne kabla ya ubatizo, na hatimaye anaomba kuolewa na mwanamume waliyekutana hapo. Padri afanye nini? Sheria ya zamani, inayojengwa juu ya waraka wa kwanza wa Mtume Paulo kwa Wakorintho, sura ya 7, ilimruhusu aliyebatizwa kuachana na mwenzi asiyebatizwa iwapo mwenzi huyo amekataa kuishi naye kwa amani. Lakini ilitaka kwanza mwenzi huyo aulizwe maswali mawili: Je, unataka kubatizwa? Kama hutaki, je, uko tayari kuishi na mwenzako kwa amani bila kumtukana Muumba? Kuuliza huku kuliitwa interpellatio. Hebu msomaji ajiulize mwenyewe maswali hayo yangepelekwa wapi. Mwanamke hajui jina la aliyemnunua mumewe. Hajui hata jina la kisiwa.

Swali hili Roma ilikuwa imelijibu karibu miaka 300 kabla ya padri yeyote kuiona Unyanyembe. Tarehe 25 Januari 1585, Papa Gregori wa XIII alitoa hati iitwayo Populis, akiwataja watu wa Angola, Ethiopia na Brazil waliotekwa na kupelekwa mbali na nchi zao na wenzi wao. Aliwapa maaskofu wa mahali, maparoko na waungamishi Wajesuiti uwezo wa kuwaruhusu watu hao, baada ya ubatizo, kufunga ndoa nyingine ingawa mwenzi wa kwanza yu hai. Kama ilithibitika, kwa uchunguzi mfupi na nje ya utaratibu wa mahakama, kwamba mwenzi hawezi kufikiwa au hakujibu kwa muda uliowekwa, maswali yale mawili hayakuwa ya lazima tena. Na kuna kifungu kimoja ambacho kila nikikisoma hunisimamisha: ndoa ya pili itabaki imara hata ikibainika baadaye kwamba yule wa kwanza alizuiwa kujibu kwa sababu ya haki, hata ikibainika kwamba wakati ule naye alikuwa amekwisha kubatizwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa pande zote mbili. Wako wanaoisoma hati ile kama ushahidi wa huruma ya Kanisa kwa Mwafrika, na wako wanaoisoma kama ushahidi wa ushirika wake katika utumwa. Nadhani kila kundi limesoma nusu. Ni jambo kubwa kwamba mwaka 1585 mamlaka ya juu kabisa ya Ukristo wa Magharibi ilikiri kwa maandishi kwamba Mwafrika aliyefungwa ndani ya meli alikuwa na ndoa: ndoa halisi, iliyofungwa kwa mila za kwao, ambayo haiwezi kupuuzwa bila ruhusa maalumu. Ungamo hilo lilikuwa na mizizi ya zamani, kwa kuwa katika karne ya 12 Papa Adriano wa IV alikwisha kuamua kwamba ndoa za watumwa ni halali hata bwana wao asipozikubali. Wenye watumwa wengi, wa dini zote, hawakupenda kulisikia hilo. Lakini hati ileile haina neno la kumtaka mtekaji amrudishe aliyemteka. Mnyang’anyi alivunja nyumba, kisha sheria ikaja na kalamu yake kuandika kwamba nyumba imevunjika, na wakaaji wake waruhusiwe kujenga kwingine.

Je, hati hii ilihusu Tabora? Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1917, katika kanuni ya 1125, kiliichukua pamoja na hati nyingine mbili za karne ya 16 na kuzieneza popote penye mazingira yaleyale. Kitabu hicho kilianza kutumika tarehe 19 Mei 1918. Wakati huo Tabora ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwa Wajerumani, kwa kuwa Wabelgiji waliitwaa tarehe 19 Septemba 1916. Wajerumani walikuwa wameondoka bila kuufuta utumwa. Walichofanya ni kuamuru mwaka 1904 kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 wawe huru. Utumwa kama hali inayotambuliwa na sheria ulifutwa Tanganyika mwaka 1922 tu, chini ya Waingereza. Kwa hiyo sheria ya mateka ilipopanuliwa, Unyamwezi ilikuwa bado na watu wazima waliokuwa watumwa kisheria, na wazee waliokumbuka sura za wenzi waliowapoteza njiani. Huko Ulaya lilikuwa neno la makumbusho. Hapa lilikuwa neno la jirani.

Sheria hiyohiyo ilikuwa na silaha nyingine ambayo haikumbukwi sana. Tangu Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, mwanamume hawezi kufunga ndoa halali na mwanamke aliyemteka kwa nia ya kumwoa, hadi kwanza amwachilie, mwanamke awekwe mahali salama na huru, ndipo aseme mwenyewe kwamba anamtaka. Kizuizi hicho kiliitwa raptus, nacho kimo hata katika kanuni ya 1089 ya kitabu cha sasa. Kwa mwanamke aliyegawiwa kiongozi wa msafara kama ngawira, neno hilo moja la Kilatini lilikuwa na uzito kuliko hotuba nyingi za wapinga utumwa wa London, kwa sababu lilimpa yeye, si mtekaji, neno la mwisho.

Nilitaja hati nyingine mbili. Moja ni ya Papa Paulo wa III, mwaka 1537: mwongofu mwenye wake wengi asiyekumbuka ni yupi aliyemwoa kwanza, achague mmoja. Nyingine ni ya Papa Pio wa V, tarehe 2 Agosti 1571: mwongofu abaki na yule mke atakayebatizwa pamoja naye, hata kama si wa kwanza. Katika hizo siwezi kujifanya mtafiti asiye na upande.

Mama yake babu yangu alikuwa mke wa kwanza kati ya wawili. Mume alipojiandikisha kwa mafundisho, mwanzoni mwa miaka ya 1920, mke mdogo alikwenda naye, mkubwa hakwenda. Katika ukoo husimuliwa kwamba alikuwa akimuuguza mama yake, wengine husema hakupenda tu. Miaka minne baadaye mume na mke mdogo walibatizwa na kufungishwa ndoa siku moja. Mkubwa alirudishwa kwa kaka zake akiwa na mtoto mgongoni, ndiye babu yangu. Nimekiona kitabu cha ndoa cha parokia hiyo, ambayo sitaitaja. Kuna majina ya mume na mke mdogo, majina ya mashahidi, na mstari mmoja wa Kilatini unaorejea hati ya mwaka 1571. Jina la mama wa babu halimo. Hakuna aliyekosea utaratibu. Uamuzi wa namna hiyo haukuhitaji kikao cha mahakama, na mahali pasipo na kikao hapana mtetezi wa kifungo. Ndoa ya matajiri wawili wa Ulaya waliochokana ilikuwa na ofisa wa kuisemea tangu mwaka 1741. Ya kwake, yenye mahari iliyolipwa na watoto watatu, haikuwa na wa kuisemea.

Kitabu kipya cha sheria, cha mwaka 1983, kimeirudia ruhusa hiyo katika kanuni ya 1148, lakini safari hii kimeongeza fungu la tatu: askofu wa mahali ahakikishe kwamba mahitaji ya mke wa kwanza na ya wake wengine walioachwa yanatimizwa vya kutosha, kwa haki, kwa upendo wa Kikristo na kwa usawa wa kimaumbile. Kutoka 1571 hadi 1983 ni miaka 412. Kanuni inayofuata, ya 1149, bado inamtaja mtu ambaye kwa sababu ya kutekwa au kuteswa hawezi kurudiana na mwenzi wake. Wanafunzi wangu hudhani ni kisukuku. Nami huwauliza mara ya mwisho walikwenda Kigoma lini, na kama walizungumza na mtu yeyote katika kambi za wakimbizi.

Wamoraviani, waliopokea misheni ya Urambo mwaka 1898 kutoka kwa Shirika la Misheni la London, hawakuja na mahakama ya namna hii. Kwao shauri husikilizwa na wazee wa kanisa, na adhabu ina jina ambalo kila mtoto wa Urambo au Sikonge analijua: kutengwa. Aliyetubu “hurudi kundini”. Kwa lugha wamewashinda Wakatoliki, maana hakuna anayehitaji mkalimani. Kwa utaratibu sina hakika: mzee wa kanisa anaweza kuwa ndiye shahidi, ndiye mlalamikaji na ndiye jirani mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba.

Turudi kwa mama mwenye barua. Watumishi wa umma wanaonisoma wanaweza kudhani mambo ya mahakama za Kanisa hayawahusu, kwa kuwa Jamhuri haina dini. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo maofisa wetu huitumia kila siku, imejaa vumbi la mahakama hizo. Uingereza iliyatoa mashauri ya ndoa katika mahakama za Kanisa kwa sheria ya mwaka 1857. Ni mwaka uleule, mwezi wa Novemba, ambao Burton na Speke waliingia Kazeh, yaani hapahapa Tabora, na sioni maana yoyote ya siri katika hilo isipokuwa kwamba inanisaidia kuikumbuka tarehe. Mahakama za kiserikali zilirithi dhana za zile za Kanisa karibu zote, na Waingereza wakatuletea. Tofauti kati ya ndoa batili na ndoa batilifu, iliyomo katika kifungu cha 38 na cha 39 cha sheria yetu, ilizaliwa huko. Amri ya mahakama ya kutengana bila talaka ni mtoto wa hukumu ya kale ya kuwatenganisha watu “meza na kitanda”. Hata kifungu cha 140, kinachokataza shauri la kumlazimisha mke au mume arudi kuishi na mwenziwe, kimewekwa ili kuifunga njia ambayo mahakama za Kanisa za Uingereza ziliifungua.

Kwa hiyo kilichompata mama huyu kinaelezeka. Padri aliyemfungisha ndoa alikuwa na leseni ya Serikali. Kwa tendo moja akawa mke mbele ya Kanisa na mbele ya Jamhuri. Aliingia kwa mlango mmoja, lakini kutoka kunataka milango miwili, na hakuna aliyemwambia. Mahakama ya Kanisa si mahakama inayotajwa katika Sheria ya Ndoa. Si hata Baraza la Usuluhishi la Ndoa ambalo, kwa kifungu cha 101, kwa kawaida lazima lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha kabla ya maombi ya talaka kupokelewa. Jumuiya ya dini inaweza kuwa na baraza la namna hiyo, na ndiyo sababu watu huchanganya.

Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za nchi. Mahakama za Kanisa ziliandika barua zake kwa Kiswahili kabla ya hapo, na barua ya mama huyu ni Kiswahili kitupu. Naomba kitu kidogo zaidi ya hapo, na naomba kwa wanasheria wa Kanisa ambao wengine ni rafiki zangu: sentensi mbili mwishoni mwa kila barua. Moja ieleze mtetezi wa kifungo ni nani. Nyingine iseme wazi kwamba hukumu hii haibadilishi hali yako katika daftari la Serikali, na itaje mahali pa kwenda. Kwa wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu, vitabu vya ndoa vya parokia za kale kando ya njia ya msafara bado vipo, vingine vikiwa katika makabati ambayo mchwa wameyafikia. Ombeni ruhusa kwa adabu, jifunzeni Kilatini cha miezi sita, mkasome ile mistari mifupi ya pembeni, na muulize vijijini ni akina nani hawakuandikwa.

Mwanafunzi wangu alimweleza mama yote haya kwa kadiri alivyoweza. Baraza la kata liliwaita, mume akahudhuria mara moja, usuluhishi ukashindikana, na maombi yakafunguliwa katika mahakama ya mwanzo. Wiki iliyopita shauri limeahirishwa. Mume hajapatikana kupokea wito. Mara ya mwisho alionekana kwenye machimbo upande wa Mpanda, na hakuna anayejua kama bado yuko huko.